Kipimo cha kidole tumbo katika kituo kimoja cha uchunguzi, Dar es Salaam

Mpwa wangu wa miaka 19 alianza kuumwa kitovuni jioni, na kufikia alfajiri maumivu yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia. Daktari aliyembonyeza tumbo alishuku kidole tumbo, akatuelekeza kwenye kituo cha uchunguzi kilicho jirani, ambacho huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Mashine yao ya altrasaundi si mpya. Kilichonivutia ni mkono wa mtaalamu, ambaye alimwomba kijana aoneshe kwa kidole kimoja mahali panapouma zaidi, akaanzia hapo, akigandamiza polepole ili kuisogeza hewa ya utumbo inayoziba picha. Kidole tumbo kizima hubonyea kikigandamizwa, na kwa kawaida upana wake hauzidi milimita 6. Hiki kilikuwa na milimita 11, kilikataa kubonyea, na shina lake lilizibwa na kijiwe cha kinyesi kikavu kilichoacha kivuli cheusi nyuma yake. Yote hayo yaliandikwa kwenye ripoti, pamoja na uvimbe wa mafuta yanayokizunguka na maelezo kwamba hapakuonekana usaha uliojikusanya. Daktari wa upasuaji hakuhitaji kuuliza swali la pili.

Nilipenda pia kwamba hawakutusukumia CT-scan, ambayo huona vizuri zaidi lakini ina mionzi na gharama yake ni kubwa. Mtaalamu alikiri, hata hivyo, kwamba asingekiona kidole tumbo angetushauri tukaifanye, kwani kutokukiona si sawa na kukikuta kizima. Picha, kwa bahati mbaya, huchapishwa kwenye karatasi laini ambayo tayari imeanza kufifia.

Baada ya upasuaji tulipeleka nyama iliyokatwa kwenye maabara yao ya patholojia, na huko mambo yalikuwa mengine. Majibu yalichukua zaidi ya wiki tatu, kila tukifika tunaambiwa turudi kesho. Yalipotoka yalikuwa mazuri: chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepenya hadi tabaka la misuli, jambo linalothibitisha ugonjwa, na hapakuwa na uvimbe wa saratani, ambao wakati mwingine, ingawa ni nadra, hugunduliwa kwa njia hii pekee. Ndiyo maana kusubiri kule kulituumiza.

Kwa altrasaundi nitarudi kwao. Nyama ya kupimwa nitaipeleka kwingine.