Seti ya Kikorea, chupa saba, na muuzaji ambaye hakuniuliza ngozi yangu ikoje

Kalamu ya biki. Hicho ndicho kinachonijia kwanza nikikumbuka duka lile, hata kabla ya chunusi. Muuzaji ameketi kwenye stuli yake, mimi nimesimama mbele ya meza na uso umeumuka, mashavu yanawaka. Badala ya kunitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake, aliniinua kidevu kwa ncha ya biki, vile watu wanavyompindua samaki sokoni waone kama ameharibika. Kisha akasema, wateja wote wakisikia: "Mama, dawa haina shida. Ngozi yako ndiyo mbaya."

Nitaeleza tangu mwanzo, msije mkadhani nina chuki tu.

Duka liko katikati ya Kampala, ghorofani, si mbali na paki ya teksi. Jina silitaji. Nilifika huko mwaka jana, mvua bado zinanyesha, kutafuta vitu vya kutunza uso kila siku, vyangu na vya dada yangu aliyeko Arua. Muuzaji alinisikia nikiongea na dada kwa simu kwa Kiswahili (baba yetu alikuwa askari, ndiyo lugha tuliyokulia), naye akanichangamkia kwa Kiswahili hichohicho. Nilifurahi. Nikajiona nimepata mtu wangu.

Sasa sikilizeni. Mimi na dada tumetoka tumbo moja lakini ngozi zetu hazijuani. Yangu ni ya mafuta, ikifika saa sita mchana paji la uso na pua vimelowa. Yake ni kavu, na kiangazi cha Arua, Disemba hadi Februari, upepo unamkausha mashavu mpaka yanapasuka. Nilianza kumweleza muuzaji hayo. Hakunipa nafasi. "Wakorea wote wanatumia hii, dada," akasema, huku anapanga chupa saba mezani: mafuta ya kusafishia uso, sabuni ya povu, tona (maji ya kupaka baada ya kuosha), esensi (majimaji ya unyevu) yenye ute wa konokono, seramu (matone ya kupaka kabla ya krimu), krimu nzito ya usiku, na krimu ya jua. Seti mbili, zinafanana kama mapacha. Shilingi 310,000 kila moja. Nikamuuliza kuhusu tarehe iliyopigwa mhuri kwenye mkia wa mrija wa krimu ya jua, maana niliona mwaka wake umeshapita. "Hiyo ni siku ya kutengenezwa." Nikalipa. Seti moja ikaenda Arua kwa basi la usiku.

Wiki ya kwanza, lazima niseme ukweli, nilikuwa mtu mwenye raha. Kuosha uso mara mbili jioni ni jambo la maana sana. Mafuta kwanza yanayeyusha vumbi la barabara, moshi wa boda na krimu ya jua, kisha povu linaondoa mabaki. Nilikuwa nimezoea sabuni ya mche, ambayo pH yake (kipimo cha asidi na magadi) hufika 9 au 10, na ngozi ya mtu hukaa karibu na 5. Ndiyo maana uso ulikuwa unanibana kila nikioga. Povu lile halikunibana hata siku moja.

Wiki ya tatu ikaja. Vipele vidogo chini ya ngozi, kidevuni na kwenye taya, halafu chunusi zenye usaha, mahali ambapo sijawahi kupata chunusi tangu nizaliwe. Nikampigia muuzaji simu. Akaniambia ngozi inatoa uchafu, niendelee, niongeze hata krimu ya usiku. Nikaongeza! Hilo bado linaniuma. Baadaye nilijifunza kwamba ngozi hutoa vipele vya namna hiyo pale tu unapotumia kitu kinachoharakisha ngozi kujibadilisha, kama asidi za kuchubua ngozi iliyokufa au retinoli, na kwa kawaida vipele hutokea palepale ulipozoea kuvipata. Katika chupa zangu saba hapakuwa na asidi ya aina hiyo wala retinoli. Palikuwa na unyevu juu ya unyevu, na krimu nzito imefunika vyote, kwenye ngozi inayojitengenezea mafuta yake yenyewe mchana kutwa. Vinyweleo viliziba. Hakuna uchafu uliokuwa unatoka.

Ndipo nikarudi dukani, na ndipo biki ilipofika kidevuni mwangu.

Niliondoka nikiapa kwamba vipodozi vya Kikorea ni utapeli mtupu, na kama ningeandika siku ile ningewaambia mtupe kila kitu. Jioni hiyohiyo dada akapiga simu. Anacheka. Mashavu yamefunga, hayapasuki tena, mama mmoja kanisani amemuuliza anapaka nini. Seti ileile! Krimu ileile nzito iliyoniziba mimi ndiyo iliyomfunika yeye unyevu usitoroke. Ute wa konokono anaupaka uso ukiwa bado na majimaji, juu yake krimu, na usiku anamalizia na tone la mafuta ya shea ya kwetu kaskazini pale panapouma. Asubuhi haoshi kwa sabuni, maji tu.

Kwa hiyo nilibadili maneno yangu, na sioni haya kusema hivyo. Seti ni nzuri. Ni nzuri sana, kwa mtu wake. Lakini badala ya hasira kupungua iliongezeka, kwa sababu nilielewa kwamba swali moja tu, "Dada, ngozi yako ikoje?", lingeniokoa miezi ya madoa. Sisi wenye ngozi nyeusi tunajua chunusi huondoka ikaacha alama nyeusi inayokaa miezi. Na muuzaji anaposema "ngozi yako ndiyo mbaya", mtu anafanya nini? Anashuka ngazi, anaingia kibanda cha jirani, anauziwa mkorogo wa kujichubua wenye zebaki au haidrokwinoni. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kibanda kama hicho siku ile. Nilisimama kwa muda.

Sasa natumia vitu vinne. Asubuhi povu, seramu ya niasinamidi ya kupunguza mafuta na alama, na krimu ya jua. Jioni mafuta ya kusafishia, povu, seramu, basi. Uso umetulia. Zile hatua kumi za kutunza uso za Kikorea wanazozisifia wauzaji sizihitaji. Rafiki yangu mwenye ngozi mchanganyiko, pua ya mafuta na mashavu makavu, nimemwambia apake krimu mashavuni tu aiache pua. Yule ambaye ngozi yake hukasirika upesi aanze na kitu kimoja, akijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku kadhaa.

Na nilitaka kumaliza kwa kuisifu krimu ya jua, kwa sababu naipenda kuliko vyote. SPF 50+ kwa miale inayounguza, PA++++ kwa ile inayozama ndani na kukoleza madoa. Haiachi weupe usoni kama zile zenye zinki. Hapa tulipo, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, nilikuwa napaka urefu wa vidole viwili kila asubuhi na kutembea juani bila wasiwasi.

Lakini juzi binti wa dada amekuja likizo. Anajifunza Kikorea kwenye simu yake. Amechukua ule mrija, akageuza mkia wake, akaniuliza, "Mama mkubwa, mbona hii imekwisha muda?" Baada ya tarehe kuna herufi mbili, 까지. Akanieleza kwamba maana yake ni "hadi". Siku ya kutengenezwa huandikwa 제조. Kwenye mrija wangu hakuna 제조.

Nilikaa kitandani. Miezi yote ile nimesimama juani na alama zangu mbichi, nikitegemea kinga ambayo mtengenezaji mwenyewe haiahidi tena. Na nilikuwa nimeuliza! Nilimwonyesha kwa kidole!

Dada amenitumia picha ya mrija wake. Tarehe ileile, herufi zilezile mbili. Nimemwambia autume kwa basi la kesho. Jumamosi nitapanda zile ngazi, nitaweka mirija yote miwili mezani, na binti atamsomea muuzaji kilichoandikwa, polepole, mbele ya wateja wake.