Audacity kwa podikasti ya kwanza ya chuo: uzoefu wangu

Kama mwalimu amewapa kazi ya podikasti na hakuna hela ya studio, anzeni na Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Nasema hivi baada ya kuitumia muhula mzima kutengeneza kipindi chetu cha kwanza, cha dakika 20, kuhusu akina mama wanaokaanga samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Tulikuwa kikundi cha wanafunzi wa uandishi wa habari wenye simu zetu, laptopu moja ya zamani na hedifoni za kuazima.

Programu hii ni ya bure kweli. Haina kipindi cha majaribio kinachokwisha katikati ya kazi, wala haibandiki alama yake kwenye sauti yako. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na msimbo wake uko wazi mpaka leo, yaani yeyote anaweza kuusoma na kuubadili. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo la simu halipo, kwa hiyo lazima mmoja wenu awe na kompyuta. Ipakueni kwenye tovuti ya Audacity yenyewe, maana tovuti za pembeni hupenda kuiambatanisha na vitu ambavyo hukuvihitaji.

Naanza na kelele, kwa sababu hapo ndipo wengi huitwisha programu mzigo usio wake. Feri haina kona tulivu: kuna mnada wa samaki, injini za boti, watu wanaitana. Audacity ina kipengele cha kupunguza kelele. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, programu inajifunza mngurumo ulivyo, kisha inauondoa kwenye rekodi nzima. Kwa feni, friji au jenereta inayonguruma vilevile muda wote, kazi yake inaridhisha sana. Honi ya bodaboda haiiwezi, wala sauti ya mtu anayenadi nyuma yako, kwa kuwa hizo hubadilika kila nukta. Ukikaza mno, mzungumzaji anasikika kama yuko ndani ya bomba la maji. Mimi naishia kupunguza desibeli 6, mara chache 12.

Kilichotusaidia kuliko kipengele hicho ni kuiweka simu shubiri moja kutoka kinywani mwa mzungumzaji, kidogo upande ili pumzi isiigonge. Kisha tulirekodi peke yake sauti ya mnada, na peke yake mafuta yakitatarika kwenye karai. Kwenye Audacity tukaziweka kila moja kwenye mstari wake, chini ya mahojiano, tukaamua wenyewe soko lisikike kiasi gani na wapi. Hapo ndipo kipindi kilianza kunipa raha.

Jambo moja la kiufundi mlijue mapema: simu nyingi huhifadhi rekodi katika muundo wa M4A, na kwenye Windows Audacity haiufungui mpaka uweke pia programu ya nyongeza iitwayo FFmpeg, ambayo nayo ni bure. Na msirekodi mahojiano kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unabanwa sana, na kilichopotea hakirudi.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni kukata. Sauti unaiona kwa macho kama wimbi: kimya ni mstari mwembamba, neno lililosemwa kwa nguvu linapanda juu. Unachagua kipande kwa kipanya, unafuta, na ukibadili mawazo unarudisha. Ufundi wake unaushika siku ileile. Kazi ni kuamua nini kitoke.

Mama tuliyemhoji alitupokea kwa salamu ndefu: shikamoo yetu, marahaba yake, habari za nyumbani, za masomo, "mmekula wanangu?" Baadhi ya wenzangu walitaka zote zitolewe ili tuingie kwenye mada haraka. Tukajaribu, tukasikiliza. Kumbe sasa ni vijana wanamrukia mtu mzima na kumuuliza biashara inamwingizia kiasi gani, bila hata shikamoo! Msikilizaji wetu angetuona hatuna adabu, na kwa alichosikia angekuwa na haki. Tukarudisha shikamoo, marahaba na lile swali lake la chakula, tukatoa zilizobaki. Hizo sekunde chache ndizo zinazomfanya msikilizaji ajue ni mtu wa namna gani anayezungumza.

Kipo pia kipengele cha kufupisha ukimya chenyewe kwenye rekodi nzima. Kwa mtu anayesoma maandishi peke yake kinafaa. Kwenye mahojiano sikipendi kabisa. Tulipomuuliza ada za shule za watoto zinatoka wapi, alinyamaza, mafuta yakasikika, ndipo akasema, "Hapa hapa." Ule ukimya ni nusu ya jibu, na kompyuta haina namna ya kujua hilo.

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 kazi yote inakaa kwenye faili moja la AUP3, badala ya faili moja na folda la vipande vingi. Kwa kikundi kinachobadilishana kazi kwa flashi hilo ni jambo kubwa. Na tangu 3.2 unaweza kuweka efekti kwenye mstari na kuizima baadaye bila kuiharibu sauti ya asili. Ukipata toleo la zamani kwenye kompyuta za maabara, omba lisasishwe. Mwonekano wake ni wa kizamani, vitufe vingi, na siku ya kwanza utatafuta vitu. Vumilia.

Mwishoni sawazisheni ukubwa wa sauti ili msikilizaji kwenye daladala asihangaike kupandisha na kushusha. Kipengele chake kipo, kinapima kwa LUFS, kipimo cha jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti, na watengenezaji wengi hulenga -16 kwa stereo (chaneli mbili) au -19 kwa mono (chaneli moja). Muziki tuliupata kwa mwenzetu mpiga gitaa, tukaepuka kabisa nyimbo za watu.

Kwa kurusha, Audacity inakupa faili tu. Mahali pa kuliweka mtatafuta wenyewe. Sisi tulichagua huduma ya bure ya Spotify, ile iliyokuwa ikiitwa Anchor, ambayo Spotify iliinunua mwaka 2019.

Zingatieni bando la wasikilizaji wenu. Dakika 20 za WAV ya mono, muundo usiobana sauti, ni zaidi ya MB 100. Tulipotoa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, faili likashuka chini ya MB 10, na kwa maongezi sauti ilibaki safi. Kwa udogo huo tuliweza kumtumia mama mwenyewe kwenye WhatsApp asikilize kabla hatujarusha. Akaomba jina la mtoto wake litoke. Tuliona mara moja lilipokuwa kwenye wimbi, tukalikata, tukatoa faili upya, tukamtumia tena. Aliporidhia, tukarusha.