Rejeta ya laki tano, geji ya elfu tisini: Prado yangu na foleni ya Buzuruga

Nina Prado ya mwaka 1998, ile yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya turbo, lita tatu. Wanaoijua injini hiyo wameshaanza kutikisa kichwa. Bloku yake ni ya chuma, silinda hedi (kipande cha juu kinachofunika silinda) ni ya alumini, na ikichemsha vibaya hata mara moja, hedi inaweza kupata ufa katikati ya valvu. Bei ya hedi niliwahi kuiulizia, nikarudi nyumbani sina hamu ya kula.

Mara ya kwanza gari kuchemsha ilikuwa Kigongo, mkoani Mwanza, enzi za foleni ya pantoni, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Saa nane mchana, magari yamesimama, AC inavuma, watoto nyuma wanatafuna mahindi. Mshale wa joto ulikuwa palepale katikati, mahali ulipokaa tangu ninunue gari. Kisha, kwa muda wa kumenya chungwa, ukapanda hadi kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikazima, nikasubiri karibu saa nzima ndipo nikagusa mfuniko wa rejeta, nikajaza maji ya ziwa kwa ndoo ya kuazima. Ndiyo, maji ya ziwa. Pantoni haikuwa ya kukungoja ukatafute kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Fundi wangu alitazama mara moja tu. "Bosi, rejeta imekwisha hii. Piga mpya ya alumini, utakuja kunishukuru."

Nikapiga. Rejeta na ufundi vilinitoka 520,000. Kusema haki, rejeta yenyewe si mbaya: alumini tupu, nene kuliko ile ya kwanza ambayo matangi yake ya plastiki yalishaanza kuchora nyufa. Lakini usiamini muuzaji akikuambia inaingia bila kuguswa. Matundu mawili ya bolti hayakulingana, ikabidi yapanuliwe kwa drili, na kava la feni limebaki na mwanya wa kidole upande wa juu. Mwanya huo si wa kuupuuza, kwa sababu feni inavuta hewa kupitia humo badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta.

Siku ya kuifungua ndipo nilipoona jambo ambalo watu wa hapa kwetu tunalisahau. Katikati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, inayokaa mbele yake) na rejeta palikuwa na kitu kama godoro jembamba la kijivu. Ukilichokoa kwa kijiti unaona mabawa. Ni wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi, ukipita nao jioni kando ya ziwa unawasha waipa. Miaka mingapi walikuwa wanajipanga humo, wakichanganyika na vumbi! Tuliwaosha kwa mpira wa maji ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiikaribishe hapo, inalaza yale mapezi membamba ya rejeta.

Kulanti nikaweka nyekundu, nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yasiyo na asidi, dukani uliza mara mbili). Mfuniko nao nikabadilisha, wa presha ya 0.9 kama ule wa kwanza. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima unaongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Mpira wake ukichoka, unaendesha sufuria wazi.

Wiki mbili baadaye, napanda kilima cha Isamilo nyuma ya lori la mchanga, mshale ukapanda tena. Nilikaa pembeni ya barabara namwangalia fundi kwenye simu, yaani jina lake tu pale kwenye kioo, nikaona heri nisipige nikiwa na hasira.

Ndipo nikanunua geji ya joto. Ni kadude ka kidijitali kanakotosha kwenye kiganja, boksi jeupe lisilo na jina la kampuni, 90,000. Nilichokitaka ni aina ya sensa: hii ina jicho la shaba linalofungwa chini ya bolti ndogo iliyo kwenye hedi, karibu na maji yanapotokea kwenda kwenye rejeta. Inapima chuma chenyewe. Sensa inayokaa ndani ya maji ni nzuri mpaka siku mpira upasuke: maji yakishamwagika, sensa inabaki inaning'inia kwenye mvuke, nayo inaweza kukusomea joto la chini wakati hedi inaiva.

Kufunga ilichukua Jumamosi asubuhi. Waya ulikuwa mfupi, tukaunga.

Jumapili nikatoka nayo barabara ya Musoma. Kuvuka Kisesa, kasi 90, AC imewashwa: 86, 87, 86. Haitikisiki. Nikageuza. Foleni ya Buzuruga: 92. Bodaboda wananipita. 95. 99. Nikatazama dashibodi, mshale wa Toyota katikati, umetulia kama mzee barazani. 103, kengele ikalia, nikazima AC na kuegesha. Mshale bado katikati! Hapo nikaelewa kwamba mshale ule umetengenezwa usikuhangaishe. Kuanzia joto la kawaida hadi karibu na hatari unakaa sehemu moja, ukianza kupanda ujue umechelewa.

Namba zenyewe zilikuwa zimeshatoa jibu. Ukikimbia, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, na joto liko sawa, kwa hiyo rejeta inafanya kazi. Ukisimama, upepo unaletwa na feni, na joto linapanda. Kigongo tulikuwa tumesimama. Isamilo nilikuwa natambaa. Nilizima injini ikiwa ya moto, nikasukuma feni kwa mkono: ikazunguka kama pangaboi, bila ubishi wowote. Klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini ikipata joto, ikiwa nzima, injini ikiwa na joto lile, inakugomea.

Fundi akataka kuichomelea feni izunguke na injini muda wote. "Hutachemsha tena maisha yako, bosi." Nikakataa. Feni iliyofungwa hivyo inavuma kama ndege, inakula dizeli, na ukiingia kwenye maji mengi mapanga yanaweza kujipinda mbele na kukata rejeta yangu ya laki tano. Tukapata klachi ya mtumba kutoka Japani kwa 110,000. Sasa foleni ileile, AC imewashwa, juu kabisa nimeona 94.

Je, rejeta ilikuwa hasara? Nusu. Nyufa zile zingenifika siku moja. Lakini ningeanza na geji, ningetengeneza klachi kwanza na kuosha wale wadudu, rejeta ningeinunua kwa wakati wangu.

Geji nayo ina kasoro zake. Usiku namba zake nyekundu zinawaka kupita kiasi na hakuna pa kupunguza, nimebandika kipande cha selotepu nyeusi nusu ya kioo. Kengele haisikiki ukifungua vioo na muziki ukiwa juu. Na kwa siku mbili za kwanza ilikuwa inaruka kutoka 80 hadi 0, kumbe waya wa asi (ule unaoungwa kwenye bodi) ulikuwa umefungwa kwenye bati lenye rangi. Tukakwangua, ikatulia.

Mwezi uliopita, Usagara, geji ikalia tukiwa kwenye mwendo mzuri kabisa, mahali ambapo huwa nasoma 87. Nikasimama. Klipu ya mpira wa chini wa rejeta ilikuwa imelegea, maji yanadondoka kwenye lami tone kwa tone. Injini ilipopoa niliikaza kwa bisibisi, nikaongeza lita moja na nusu, tukaendelea hadi Sengerema. Lile kava la feni bado halijakaa vizuri. Mwanya nimeuziba kwa kipande cha mpira wa tairi na waya.