Last Chance to See: nilidhani namjua Douglas Adams, kumbe wapi

Mi Douglas Adams, yule mwandishi Mwingereza, nilimjua kwa ile hadithi yake ya anga za juu, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, iliyoanza kama mchezo wa redio BBC mwaka 1978, nikamuweka kwenye kundi la watu wa vichekesho na roboti, basi. Juzi nimemaliza hiki kitabu alichoandika na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine, kilitoka 1990, na aisee hiki ndo bora kuliko vyote nilivyosoma vyake.

Wanazunguka dunia kutafuta wanyama waliobaki wachache, kuna kasuku asiyeruka wa New Zealand, kuna mijusi ya Komodo, ila sehemu ya China ndo iliniua mbavu: wanataka kurekodi sauti chini ya maji ya mto Yangtze kule wanakoishi pomboo, maikrofoni yao haiingii majini, wakaanza kuhangaika Shanghai kutafuta kondomu ya kuivalisha, na lugha hawaijui! Unacheka mpaka machozi, halafu maikrofoni inazama na kinachosikika ni kelele tupu za injini za meli, na wale pomboo karibu ni vipofu, wanategemea masikio. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Mwaka 2006 watafiti waliutafuta mto mzima wasimuone hata mmoja.

Kuna na vifaru weupe wa kaskazini kule hifadhi ya Garamba, Zaire ya wakati ule (Kongo DRC ya sasa), walikuwa 20 na kitu tu. Anaeleza jinsi kifaru anavyoishi kwa harufu, njia zake za pua ni kubwa kuliko ubongo wake, na ghafla unaanza kuiona dunia kwa pua ya kifaru. Mtu wa vichekesho huyo!

Nikaanza kumchimba sasa. Kumbe 1974 alishatokea kwa sekunde chache kwenye kipindi cha vichekesho cha TV cha Monty Python, akaja kuwa mhariri wa skripti za Doctor Who, tamthilia ya TV ya BBC, na Adams ndo aliyemkutanisha mwigizaji wa humo Lalla Ward na Richard Dawkins, yule mwanabiolojia, mwaka 1992 wakaja kuoana. Oktoba 1994 akapiga gitaa jukwaani na bendi ya roki ya Pink Floyd pale ukumbi wa Earls Court, London, ilikuwa zawadi ya kutimiza miaka 42, na jina la albamu yao ya mwaka ule ni yeye aliyelipendekeza. Ila iliyonigusa zaidi ni kwamba mwaka huohuo alikuja huku kwetu kwenye msafara wa kupanda Kilimanjaro kuchangisha pesa za kuwaokoa vifaru, njiani kuelekea mlimani akawa anavaa vazi zito lenye umbo la kifaru. Yaani kitabu kilishauzwa, angeweza kukaa kwake akaendelea na mambo mengine, lakini hakuwaacha.

Kasoro ipo. Sura ya Zaire imejaa usumbufu wa maofisa na viwanja vya ndege, na wenyeji hawapewi nafasi ya kuongea kama wanasayansi wageni wanavyopewa, nilitamani sana kuwasikia askari wa wanyamapori wenyewe. Kiingereza chake pia kina sentensi ndefu, usisome ukiwa na usingizi.

Nyota 5 kati ya 5 hata hivyo. Adams alifariki 2001 akiwa na miaka 49 tu. Wale vifaru wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu, wapo hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, na wote ni majike.