Darasa la Jioni Kuhusu Palestina, Kirumba: Utawala Umefundishwa Vizuri, Amani Imepitiwa Juujuu

Kwa Jumamosi nne mfululizo nilihudhuria darasa la jioni kuhusu Wapalestina na uwezekano wa amani kati yao na Waisraeli, lililofanyika katika ukumbi mdogo wa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa ada ya shilingi 20,000. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa baadhi ya niliyonayo ni malalamiko, lakini nimeona niandike kwa faida ya wanaojiuliza kama ada hiyo inastahili kulipwa.

Somo la pili, lililoeleza jinsi Wapalestina wanavyotawaliwa, lilitosha peke yake kurudisha fedha yangu. Umeme ulikatika mapema, projekta ikazimika, na ramani tulizogawiwa zilikuwa nakala za wino mweusi ambazo maeneo ya A, B na C hayakutofautiana hata kidogo. Mwalimu, mstaafu wa sekondari, alifungua dirisha la upande wa ziwa, harufu ya dagaa ikaingia, akashika chaki na kuchora Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo vya jirani. Visiwa, alisema, ndiyo maeneo ya A na B, ambako Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya ndani ya Wapalestina, kwa mkataba wa Oslo wa mwaka 1995, inaendesha shule na zahanati, ingawa polisi wake wanasimamia usalama kikamilifu katika A tu. Maji yote yanayovizunguka ni eneo C, takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, lililo chini ya jeshi la Israel, na ndiko yaliko makazi ya walowezi. Kisha akatutaka tufikirie kila msafiri wa kutoka Ukerewe kwenda Ukara akisimamishwa majini na askari wa serikali asiyoipigia kura. Mpango huo ulikusudiwa kuwa wa mpito, wa miaka 5.

Kuhusu fedha alikuwa makini vilevile. Kwa Itifaki ya Paris ya mwaka 1994, Israel ndiyo inayokusanya ushuru wa bidhaa za Wapalestina zinazopita katika bandari zake, kisha inapaswa kuikabidhi Mamlaka, na sehemu kubwa ya mapato ya Mamlaka hutoka hapo. Israel inapozizuia fedha hizo, mishahara hukwama. Dada mmoja anayefundisha shule ya msingi aliuliza mwalimu wa Nablus, mji wa Ukingo wa Magharibi, anaishije, maana tangu mwishoni mwa 2021 watumishi wengi wamekuwa wakilipwa sehemu tu ya mshahara. “Anakopa dukani, mwanangu, kama tulivyokopa sisi,” mwalimu wetu akamjibu.

Hakuwapamba watawala wa Kipalestina, na hilo nililipenda. Mahmoud Abbas alichaguliwa Januari 2005 kuwa rais wa Mamlaka kwa muhula wa miaka 4. Mwaka uliofuata Hamas, kundi la Kiislamu linaloshindana na chama chake cha Fatah, ilipata viti 74 kati ya 132 vya bunge. Juni 2007 ikaitwaa Gaza kwa nguvu, na uchaguzi uliopangwa Mei 2021 ukaahirishwa. Mpalestina aliyezaliwa mwaka 1990 hakuwa na umri wa kupiga kura katika uchaguzi ule wa bunge wa 2006. Nilitarajia swali la nani basi atatia saini ya amani kwa niaba yake liwe uti wa mgongo wa masomo yaliyobaki, lakini halikurudi tena.

Somo la jamii lilikuwa jembamba kama uji wa mgonjwa. Tulisimuliwa mavazi na mizeituni, wakati Chuo Kikuu cha Birzeit, ambako kura za serikali ya wanafunzi hufuatiliwa kama kipimo cha nguvu za Fatah na Hamas, hakikutajwa kabisa.

Jioni ya mwisho, iliyohusu amani, ilianza nusu saa baadaye kuliko ilivyotangazwa, ikaenda mbio. Mzee mmoja aliuliza kuhusu vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu alijibu kwa staha kwamba hao, pamoja na watu wapatao 1,200 waliouawa siku ile na makumi ya maelfu waliouawa Gaza baadaye, wasihesabiwe kana kwamba maiti za upande mmoja zinalipia za upande mwingine. Baada ya hapo, hata hivyo, aliwazungumzia Waisraeli kama watu wenye kauli moja, ilhali Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel aliyetia saini mkataba wa Oslo, aliuawa mwaka 1995 na Myahudi mwenzake aliyeupinga mkataba huo. Parents Circle, chama cha familia za pande zote mbili zilizofiwa, hakikupewa hata dakika moja. Wala hatukuambiwa kwamba Julai 2024 bunge la Israel lilipiga kura 68 kwa 9 kupinga kuundwa kwa taifa la Palestina, jambo ambalo mtu hawezi kuzungumzia matumaini bila kulipitia.

Anayetaka kuelewa utawala na alipe. Anayetafuta amani asubiri waongeze masomo. Mimi nilirudi kudai ramani ya rangi tuliyoahidiwa, nikapewa nakala nyingine nyeusi. Nimeipaka rangi mwenyewe kwa kalamu za mwanangu, na eneo C limemaliza kalamu yote ya bluu.