Santuri ya WITCH niliyouziwa, na maneno niliyoambiwa kuhusu marehemu Boidi Sinkala

Nisingeandika haya kama muuzaji angenyamaza. Santuri mbovu hutokea, na kwa kawaida mtu huirudisha dukani, akabadilishiwa, mambo yakaisha. Mimi niliirudisha santuri yangu ya Lazy Bones!!, albamu ya WITCH, bendi ya roki ya Zambia ya miaka ya sabini, toleo lililochapishwa upya, katika duka moja la jijini Nairobi ambalo sitalitaja, na kijana aliyekuwa kaunta, bila hata kuitoa kwenye jalada lake, akaniambia: “Mzee, muziki wa zamani ndivyo ulivyo. Hapo mpiga dramu wao alipoteza mdundo.” Nilimwomba aiweke kwenye mashine tuisikilize pamoja. Akakataa, akasema kama ninataka nyingine, ninunue nyingine, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Mpiga dramu huyo ana jina. Ni Boidi Sinkala, aliyejulikana jukwaani kama Star MacBoyd, na amekwisha kufariki, kwa hiyo hakuna siku atakayosimama mbele ya kaunta ile akajitetea. Kwa hiyo nitamtetea mimi.

Kasoro yenyewe iko upande wa pili. Sindano inafika mahali fulani inaruka, na kabla ya hapo kuna mlio mdogo wa “tak” unaojirudia. Mtu asiyesikiliza kwa makini anaweza kudhani ni fimbo ya mpigaji iliyogonga pasipostahili. Hata hivyo, santuri ya aina hii huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani kila mzunguko huchukua karibu sekunde 1.8, na mlio ule unarudi kila baada ya muda huohuo, uwe wimbo umepamba moto au umepoa. Mlio unaofuata mzunguko wa santuri bila kujali mdundo wa wimbo umetoka kwenye santuri. Tena pale sindano inaporuka, neno la mwimbaji linakatwa katikati, na gitaa na besi vinaruka pamoja nalo. Je, mpiga dramu akikosea, mwimbaji naye hukatwa ulimi? Niliyaeleza yote haya kwa adabu na kwa utaratibu. Jibu lilikuwa kwamba nyimbo hizo zilirekodiwa Zambia miaka ya sabini, kana kwamba kutajwa kwa nchi na mwaka kunatosha kuwa maelezo ya kasoro.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, kwa sababu mtu anayeuza muziki wa WITCH alipaswa kuwa wa kwanza kujua anachouza. Hawa walikuwa vijana wa Zambia huru, nchi iliyopata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, waliokulia katika miji ya machimbo ya shaba wakisikiliza roki ya Uingereza na Marekani, kisha wakaipiga kwa mikono yao wenyewe hadi ikawa kitu kingine ambacho leo dunia inakiita Zamrock. Emanuel Chanda, ambaye jina lake la Jagari limetokana na Mick Jagger, alikuwa mwimbaji. Chris Mbewe alicharaza gitaa la solo, John Muma gitaa la rithimu, Gedeon Mulenga besi, Paul Mumba kinanda, na Sinkala alikaa nyuma yao wote. Albamu yao Introduction ya mwaka 1972 inatajwa kuwa ya kwanza kurekodiwa na kuuzwa kibiashara nchini Zambia. Lazy Bones!! ilitoka mwaka 1975.

Ni kweli kwamba Introduction ina sauti ya kukwaruza. Vifaa vilikuwa vichache na haifichi hilo, na dramu zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Ninakubali jambo hilo bila kinyongo. Lakini mkwaruzo wa sauti ni jambo moja na kupoteza mdundo ni jambo lingine kabisa, na katika Lazy Bones!! hata udhuru huo wa vifaa umepungua sana. Sikiliza “Black Tears”, kisha “Strange Dream”. Gitaa la Mbewe limejaa ukungu na mtetemo, linapinda, linaning’inia, linapotea na kurudi. Ndiyo tabia ya roki ya saikedelia, na ni rahisi wimbo mzima kuyeyuka. Hauyeyuki kwa sababu ya Sinkala. Hapigi kwa kelele na hajazi kila nafasi. Anaacha pengo pale ambapo mpigaji mwenye tamaa angemwaga matoazi, na pengo hilo linamfanya msikilizaji ainamishe kichwa mbele kungojea pigo linalofuata, ambalo linakuja palepale linapotakiwa. Mtu anayepiga hivyo ndiye aliyeambiwa kwamba hajui kuhesabu hadi nne.

Sitaki kuficha kwamba kuna jambo zaidi linaloniuma. Kizazi kile hakikupata fursa ya kuzeeka na kusimulia. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya sabini na fedha za burudani zikakauka. Vita vya ukombozi katika nchi jirani vilileta amri za kutotoka nje usiku. Baadaye UKIMWI ukapita miongoni mwa wanamuziki wa Zambia kwa ukatili usioelezeka. Katika wale sita niliowataja, amebaki Jagari peke yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichimba vito vya thamani ardhini ili apate riziki. Muziki wao ulipochapishwa upya na kampuni ya Marekani ya Now-Again, ikiwa ni pamoja na seti kubwa ya mwaka 2012, Jagari alianza kualikwa katika majukwaa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 jina la WITCH likarudi na albamu mpya, Zango. Ninafurahi kwa ajili yake kwa moyo wote. Sinkala hakualikwa popote. Kitu pekee tulichobaki nacho kutoka kwake ni sauti iliyo ndani ya mifereji ile myembamba ya santuri, na ndiyo maana anayeiuza ikiwa imeharibika, kisha akamtwisha marehemu lawama ya uharibifu huo, amefanya jambo baya kuliko kuchukua fedha zangu.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilikuwa nimeazimia kuwaambia watu wasinunue toleo hili kabisa. Usiku nikaweka upande wa kwanza, ambao hauna dosari yoyote, na nikalazimika kulegeza kauli. Besi imekaa mahali pake, sauti ya Jagari iko karibu kama mtu aliye chumbani, na dramu, hasa ile ndogo ya juu, ina ukavu mzuri ambao siupati katika nyimbo zilezile nikizisikiliza kwa simu. Kama upande wa pili ungekuwa hivyo, ningesema ni fedha niliyoitumia vizuri kuliko nyingine yoyote mwaka huu. Pengine nakala yangu ndiyo mbovu peke yake. Nimeshaisikia nakala ya rafiki yangu, na yake inacheza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na pale nilipoambiwa kwamba mpigaji alipotea, Sinkala anapita akiwa amenyooka kabisa.

Kwa hiyo nunueni Lazy Bones!!, ila msilipe kabla ya kuisikia ikichezwa pande zote mbili mbele yenu, na muuzaji akikataa kuicheza, ondokeni. Nilitaka kuongeza kwamba duka lile mlikwepe daima. Lakini nimefikiri tena: kama ndipo mahali pekee ambapo mtapata muziki huu, ingieni, inunueni, na mkiwa palepale kaunta mtajeni Boidi Sinkala kwa jina lake kamili, kwa sauti, ili yule kijana alisikie.