Mbita na familia nzima: bwawa safi, samaki wa kweli, bili ya kusoma mara mbili

Nyota nne kati ya tano, na nitaeleza kila moja. Nasema haya kama mtu anayesimamia jiko la shule ya bweni. Anayepikia mamia ya watoto kila siku hawezi kuketi hotelini akatulia, macho yanakwenda jikoni yenyewe.

Sisi ni wa Nakuru. Tulikuwa mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye wajukuu humwita shosho. Shosho alishasema wazi kwamba kupanda matatu hadi Nairobi, kisha treni hadi Mombasa, kisha kivuko cha Likoni ndipo ufike Diani, hiyo ni safari ya vijana. Basi likizo ya Agosti tukageuza gari upande wa magharibi: Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay hadi Mbita, lami yote. Jina la hoteli sitaliandika kwa kuwa mimi na ofisi yao bado tuna hesabu. Iko ufuoni mwa Ziwa Victoria, pande za Mbita na kisiwa cha Rusinga, na mengi ninayoyasema hapa ni ya kuuliza katika hoteli yoyote ya pande hizo.

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyotupeleka. Mtoto wa Nakuru hajui ziwa la kuogea. Letu ni la magadi, flamingo na ua wa KWS, shirika la wanyamapori. Kitinda mimba wangu alipoliona Ziwa Victoria alivua viatu kabla baba yake hajazima gari. Mlinzi wa ufuoni akamzuia kwa mkono. "Bwana mdogo, sisi tunaogelea kule," akamwonyesha bwawa. Kisha akatugeukia wakubwa akatueleza bila kuzunguka: ziwani kuna kichocho. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini, hata kama hajanywa tone. Na giza likiingia viboko hutoka kula nyasi, kwa hiyo baada ya saa kumi na mbili hakuna kutembea ufuoni bila askari.

Hapo hapo nikaipa hoteli nyota ya kwanza. Wangeweza kunyamaza, watoto wakacheza ukingoni, picha zikatoka nzuri, na ugonjwa tukaupeleka nyumbani. Mwenye watoto ajue kwamba pande hizi analipia bwawa. Ziwa ni la kutazama na kupanda boti. Asiyeridhika na hilo avumilie kivuko cha Likoni.

Bwawa lenyewe lina sehemu mbili, na ile ya watoto inanifika magotini. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuhesabu vigae vya chini. Asubuhi kijana mmoja alipita na wavu akizoa wadudu wa ziwa. Hao wanastahili maneno mawili. Hutoka majini kwa makundi yanayosimama juu ya ziwa kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini wakiona taa watajaa kwenye chai, kwenye nywele na kwenye shuka. Ndiyo sababu hoteli huzima taa kubwa za nje mapema na kuacha vile vitaa vya chini. Usipoelezwa utadhani ni ubahili wa stima.

Lalamiko langu la bwawani ni moja. Mwokoaji yupo na ana filimbi, ila saa saba huenda kula na kiti chake kinabaki na taulo. Saa hiyo ndiyo watoto wamemaliza sahani zao na wanarudi majini mbio. Nilimwita meneja, akasema, "Mama, umesema kweli," na kesho yake kukawa na wa kumpokea zamu. Sijui kama wameendelea hivyo. Ukifika, uliza.

Ufuo usiutarajie mpana. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, na mbele ya hoteli bado kuna vigogo vya miti vilivyosimama ndani ya maji. Sisi watu wa Nakuru hatuna la kuwacheka, letu lilimeza hadi lango kuu la mbuga. Mchanga uliobaki ni wa kahawia, unatosha bembea, viti vya kujinyoosha na watoto wa kuchimba mashimo.

Vyumba ni vya kawaida. Chandarua nilikikagua kwa tochi, hakikuwa na tundu, na hilo kwangu ni kubwa kuliko televisheni, kwa kuwa watu wa nyanda za juu kama sisi malaria ikitushika hutuangusha vibaya. Feni inafanya kazi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na ziwa hili liko mita 1,134, na tofauti hiyo utaijua saa nane mchana jasho likikutiririka mgongoni. Bebeni nguo nyepesi.

Sasa chakula. Mhudumu alipokuja kuchukua oda alimuuliza shosho, "Ngege wa ziwani au wa kizimba?" Ngege ni tilapia. Sijawahi kuulizwa hivyo hoteli yoyote Nakuru, ambako samaki ni samaki. Siku hizi ziwani mle kuna vizimba vingi vya kufugia, na samaki wake wanalingana ukubwa na wamenona. Wa nyavuni wanakuja wakubwa kwa wadogo, na bei yao ilikuwa juu zaidi. Tuliagiza wote wawili tukaonja. Wa kizimba ni laini, watoto walimpenda. Wa ziwani nyama yake imeshikana, na ukimkaanga kwanza kisha ukamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya havunjiki. Shosho alikula kichwa chote, macho pamoja. Kwa kitinda mimba niliomba mbuta, yaani sangara, ambaye vipande vyake havina miiba midogo ya kumnyima mama usingizi.

Ila agizeni mapema. Samaki huchukua karibu saa nzima, kwa kuwa anapaliwa magamba ukishamchagua, na hilo ni jambo jema mradi watoto hawajaanza kulia. Sisi tulizoea kuagiza cha mchana tukimaliza chai ya asubuhi.

Omena wao, yaani dagaa wa ziwani, ndio walionifanya niombe kuingia jikoni. Mimi huwapika kwa magunia, na wanafunzi wangu hulalamika kwamba wana mchanga na ni wachungu. Mpishi, mama wa makamo, alinionyesha: anawamwagia maji moto, anawaosha mara kadhaa hadi sufuria isibaki na mchanga chini, anawakausha, anawakaanga wakavu mpaka waanze kulia kwenye kikaango, ndipo vitunguu na nyanya vinapoingia, na maziwa kidogo mwishoni. Managu yao, mboga ya majani, pia yalikuwa yamelala kwenye maziwa. Sakafu ya jiko ilikuwa kavu, mbao za kukatia samaki na mboga zimetenganishwa. Nyota ya pili na ya tatu ziko kwa mama huyo.

Kifungua kinywa hakina hadithi: mayai, soseji, mandazi ambayo nina shaka yalikuwa ya jana. Na ile orodha ya chakula cha watoto, yenye chipsi na kuku wa kukaanga asubuhi hadi jioni, ningeichana. Nani aliwaambia mtoto wa Kenya hali ugali akiwa likizoni?

Nyota ya nne ni ya kapteni wa boti. Baba watoto alitaka kutoka saa tisa alasiri. Kapteni akatazama maji, akatikisa kichwa. "Mzee, saa hizi upepo unatoka ziwani, mawimbi yatamsumbua shosho. Njooni kesho saa moja." Angeweza kuchukua pesa yetu akatulowesha. Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia. Alikuwa na jaketi za kuokoa maisha za saizi ya mtoto, si zile kubwa ambazo mtoto huchomoka chini, na injini hakuiwasha mpaka alipokagua kila mkanda. Alitupeleka hadi Takawiri, kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi, ambako baba watoto alipiga picha na kuwatumia wenzake kazini akidai yuko Malindi. Mmoja alimwamini.

Siku nyingine tulivuka daraja kwa gari hadi Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya. Jengo lake lina umbo la risasi, na ndani kuna vitu vyake. Watoto walitaka kujua kwa nini risasi, na shosho, aliyekuwa msichana tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipouawa Nairobi, akawasimulia jinsi redio ilivyotangaza na watu wazima walivyonyamaza. Kwa hilo hoteli haina sifa wala lawama, lakini ukifika Mbita usiache.

Bili ndiyo iliyokula nyota ya tano. Kwenye simu tuliambiwa Sh12,000 kwa chumba kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, na watoto wa chini ya miaka 12 bure. Kumbe bure ni kitanda. Sahani zao zililipiwa nusu bei, hata ya yule aliyekuwa akila mbuta vipande vitatu. Hilo nililimeza. Lililonishinda ni Sh10,000 za kushikia nafasi nilizotuma kwa M-Pesa, ambazo hazikuonekana popote kwenye karatasi. Nilimwonyesha dada wa mapokezi ujumbe wenye tarehe na saa. "Mama, mhasibu hayuko, leo Jumapili." Tukalipa yote ili tupate kuondoka, akaandika ahadi ya kuturudishia na kuipiga muhuri. Hadi ninapoandika wamerudisha Sh6,000. Ukipiga simu kuweka nafasi, waambie wakuandikie maana ya "bure" ni nini, na siku ya kuondoka iwe ya kazi.

Mwenye mzee kwenye msafara aombe vyumba vya chini, vile vya upande wa mgahawa. Vya juu vinaonyesha ziwa vizuri, na usiku usio na mbalamwezi utaona taa za wavuvi wa omena hadi mbali, lakini ngazi zake ni za mawe yasiyolingana na hazina pa kushika. Tulibadilishiwa bila maneno mengi na bila kuongeza senti. Gari liegesheni mbali na mwembe ulioko langoni, ndege wa pale hawana adabu.